Mende wa Amana

Vijana, mkipita mtaa wa Firq mkauliza nyumba ya Ami Nassor, mtaulizwa, "Nassor yupi?" Ulizeni nyumba ya Ami Mende, mtaletwa mpaka mlangoni. Jina hilo nilipewa na watoto wa mtaa, na sikukasirika. Mtu hupewa jina la kitu anachokiweza. Wapo wanaume hapa Nizwa wameishi mpaka wamezeeka na hawakupewa jina lolote.

Nimestaafu. Kampuni wanaiendesha wanangu, mimi naenda pale asubuhi kuwaudhi tu, kisha narudi kulala. Lakini nawaona nyinyi mliozaliwa hapahapa Omani, wengine mnaingia kazi za afya, wengine za mahoteli, wengine mmeoa na mna watoto, na hamjui mende analala wapi. Mnajua kununua kopo la dawa. Kununua kopo si elimu, hata mlevi hununua kopo.

Mimi nilizaliwa Tabora. Nilifika nchi hii na sanduku moja na koti la marehemu baba, koti zito la baridi, ambalo hapa faida yake ilikuwa kuwaonyesha watu kwamba na mimi nina koti. Sikukuta mjomba wa kunishika mkono kunitia kazini. Mchana nilibeba pampu ya dawa mgongoni, jioni nilisoma, mpaka nikaipata diploma ya udhibiti wa wadudu na panya. Iko ukutani, ndani ya fremu. Kila mwezi naishusha naangalia nyuma yake, kwa sababu nyuma ya fremu ni pembamba, pana giza na hapaguswi, na mende hakuna anachokipenda kama kubanwa mgongo na tumbo kwa pamoja. Ninyi mnaotundika picha za harusi ukutani, nendeni mkaangalie. Nitawasubiri.

Aliyenifundisha kazi kabla ya vitabu ni marehemu Maalim Hemed, ambaye katika Unguja ya zamani alikuwa bwana afya. Kazi yake ilikuwa kuingia majumbani na upawa mrefu, kuchota maji ya mitungi na mapipa na kutazama kama mna viluwiluwi vya mbu. Alipokuja Omani alikuja na upawa wake. Mitungi ilikuwa imekwisha, akawa anachota maji ya trei chini ya vipooza hewa na yale ya vyungu vya maua, na viluwiluwi aliwakuta vilevile. Alikuwa mrefu, mkimya, na akiingia nyumba ya mtu hanyanyui shuka wala hafungui kabati. Anakaa, anakunywa kahawa, anauliza habari za wazee.

"Nassor," aliniambia, "mdudu ni mpangaji. Anataka maji, chakula na kiza. Wewe usimkimbize mpangaji. Mtafute anayempangisha."

Mimi nilidhani ni mafumbo ya kizee. Nilikuja kuona kwamba ni somo lote la mwaka wa kwanza.

Nikupeni mfano mdogo. Bwana mmoja wa Sur alirudi safarini akawa anaamka na vipele vilivyopangana mstari mkononi, kama mtu aliyepigwa mhuri. Kunguni. Akahama chumba, kunguni wakaja. Akampisha mdogo wake chumba, akahamia kwa mama yake, kunguni wakaja. Akapanga nyumba mtaa wa pili, wakaja. Aliponiita alikuwa ameshaamini kwamba amerogwa, na anamjua mrogaji. Nikamuuliza, "Kila unapohama, unahama na nini?" Akasema, "Na godoro langu, mgongo unaniuma." Basi huyo ndiye mpangishaji. Kunguni, kwa tunavyojua, haambukizi maradhi kama mbu, lakini anakunyima usingizi, unajikuna mpaka unatoka vidonda, vidonda vinaingia uchafu, na mtu asiyelala wiki mbili hugombana na kila mtu. Yule alishaacha kusalimiana na jirani yake. Tulipolimaliza lile godoro na mishono ya sanduku lake la safari, ilibidi aende kuomba radhi, na jirani akamwambia hakujua kama wamegombana.

Hilo la kuchekesha. Sasa lisilo la kuchekesha, nalisema mara moja na mlishike. Fanja niliitwa nyumba iliyokuwa na panya. Nikakuta mwenyewe ameshaanza kazi: amechukua vile vidonge vya kufukizia tende ghalani, ameviweka katika stoo iliyopakana ukuta na chumba wanacholala watoto. Nikawatoa watu wote nje, wa kuvaa viatu na wa kutovaa, na sikuingia tena mpaka wakaja wenye vifaa vya kazi hiyo. Yule bwana alikasirika, ananiambia vidonge hivyo vinatumika miaka na miaka shambani. Shamba halina watoto waliolala. Moshi wake hauonekani, unapita kwenye ufa wa ukuta na tundu la waya, na unaua watu kabla ya panya. Panya naye ana ubaya wake, mkojo wake ukiingia kwenye chakula au kidondani unaleta homa nzito, lakini hakuna panya aliyewahi kumaliza familia katika usiku mmoja. Vidonge hivyo haviingii nyumbani. Khalas.

Haya. Sasa niwape habari ya Ibra, maana mnaionea uvivu kazi hii mkidhani ni ya kuua.

Alinipigia simu bwana anaitwa Khalfan, mtu wa Ibra, kazi yake iko Sur na nyumbani hurudi mwisho wa wiki. Ana mke na binti mmoja, Thuraya, wakati huo yuko darasa la pili, na mtoto ana pumu.

"Ami, nimeshaleta kampuni tatu," akasema.

"Kampuni tatu si kitu. Umeleta diploma ngapi?"

"Njoo, Ami. Hospitali wameniambia nyumba ina kitu kinachomdhuru. Akiwa kwa shangazi yake Maskati, anapumua. Akirudi hapa, siku mbili tu kifua kinaanza. Skuli ikifunguliwa nitampeleka akakae kwa shangazi yake moja kwa moja. Mama yangu kwa hilo hasemi na mimi."

Skuli ilikuwa inafunguliwa wiki ya pili yake. Nikachukua gari, nikapita Sinaw, na adhuhuri nilikuwa Ibra.

Mnazijua majlis zetu, vyumba vya kupokelea wageni. Zulia la mkono, mito imesimama kama askari wa gwaride, chetezo cha ubani pembeni, na hakai mtu isipokuwa mgeni. Na mgeni mwanamume huishia hapo. Wale wa kampuni tatu walikaribishwa majlis, wakanywa kahawa, wakaipuliza majlis dawa kwa heshima zote, wakapuliza jikoni wanawake walipotoka, wakaenda zao. Majlis ya Khalfan ilikuwa imepulizwa mara tatu, na haikupata kuwa na mende hata mmoja, maana mende hukaa na watu. Jikoni walikuwepo wachache, walipopulizwa wakakimbilia ndani. Dawa ya kupuliza mara nyingi haimalizi mende, inamhamisha. Na harufu yake ilimkalisha mtoto kitako kutafuta pumzi.

Aliyekuja kunitazama ni mama yake Khalfan, Bi. Salma, mzaliwa wa Unguja, mwembamba, kilemba kimekazwa, miwani iko puani lakini anatazama juu yake.

"Shikamoo, Bi. Salma."

"Marahaba. Wewe ndo bwana mende?"

"Ndiye mimi. Nina diploma."

"Ya mende?"

"Ya mende, panya, kunguni na mbu."

"Makubwa! Na sisi Unguja tukiwauwa kwa kandambili, wala hatukupewa cheti." Akaketi. "Wa wapi wewe, hata Kiswahili chako kinakwenda kwa miguu?"

"Tabora."

"Aa. Bara." Alisema hivyo kama daktari aliyeona kipimo. "Haya, kunywa kahawa. Puliza majlis, wende zako."

Nikanywa. Nikala tende, na nikazitazama kabla ya kuzila: safi, zinang'aa, hazina tundu. Nyumba yote ilikuwa safi. Ungeweza kuandika barua kwenye sakafu ya jiko. Nikafikiri, huyu mpangishaji yuko wapi? Nikamwambia, "Bibi, mimi sipulizi. Nataka kujua mtoto analala wapi."

Hapo akaiweka chini finjani yake.

"Analala na mimi. Tangu kuachishwa ziwa analala na mimi. Kifua kikimbana nampandisha kitandani, namwegemeza hapa," akajigusa begani, "namsomea mpaka alale. Sasa daktari kasema nyumba. Nyumba ni nani? Nyumba si mimi? Mwanangu kaniambia uso kwa uso, mama, kwako mtoto haponi."

Nikaomba nionyeshwe chumba hicho. Diploma yangu haina somo la kujibu maneno kama hayo.

Kwa vile nilikuwa mtu mzima na Khalfan yupo, wanawake wengine walijitenga, Bi. Salma akanipeleka chumbani. Na humo, vijana, nikakiona kitanda. Besera ya Kiunguja, nguzo nne, kioo kichwani, imeinuka juu mpaka ina ngazi yake ya kupandia. Ameichongesha kwa seremala wa Sur kwa kumweleza tu, mkono huku na mkono kule. Thuraya alikuwa amekaa juu yake anachora. Alinisalimia vizuri, "Shikamoo Ami," na kati ya neno la kwanza na la pili alivuta pumzi, nikasikia kifua kinapiga mluzi kama birika inayotaka kuchemka.

Shuka ya besera ilikuwa imeshuka mpaka chini. "Chini humu mna nini, Bibi?"

"Amana."

Nyie wadogo labda hamjui. Hakuna nyumba ya watu waliotoka Afrika isiyokuwa na mtu wa amana. Mtu ana ndugu Unguja, mwengine Tabora, mwengine Bujumbura. Ananunua tende, halua, maziwa ya unga, nguo za watoto, anatia katika boksi, anafunga kwa utepe, anaandika jina kwa kalamu nene, na anamngoja msafiri. Msafiri haji leo. Boksi linakaa kwa mtu mwaminifu. Ibra nzima, mwaminifu alikuwa Bi. Salma. Na msafiri akirudi, harudi na mikono mitupu: boksi lilelile linakuja na karafuu, kisamvu kilichokaushwa, dagaa. Kadhibodi ile inavuka bahari kwenda na kurudi kuliko rubani.

"Naomba nifungue moja," nikasema.

"Hufungui."

"Nione tu."

"Amana haifunguliwi ila na mwenyewe. Hata wale wa kampuni niliwambia, hapo pana amana za watu, wakapita mbali. Walikuwa na adabu, hawana diploma."

Kwa hiyo kampuni tatu zilikuwa zimepuliza kila mahali isipokuwa pale. Sikubishana. Mtu mzima akikataa, mpe kazi. Nikampa kadi za gundi, zile nyembamba za kunasia, nikamwambia azitege yeye mwenyewe kwa mkono wake: majlis, jiko, choo, na chini ya besera ukutani. Asiguse boksi. Mimi nikalala kwa rafiki yangu palepale Ibra.

Asubuhi nikamkuta amezipanga kadi juu ya gazeti uani, amekaa kigodani anazitazama. Ya majlis tupu. Ya choo mmoja. Za jikoni wawili watatu. Ya chini ya besera haikuonekana gundi. Wakubwa, wadogo, wengine wamebeba vifuko vya mayai nyuma kama mtu na begi lake la safari. Na pembezoni vile vitone vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa.

"Hivyo vitone ndivyo vinavyomuumiza," nikamwambia. "Mende mwenyewe hamtafuni mtoto. Watu humchukia mende kwa sura, na kwa miguu yake, maana ametoka chooni akatembea juu ya mkate, na hilo ni kweli, watu huharisha kwa ajili hiyo. Lakini kwa mwenye pumu, balaa ni anachokiacha: kinyesi, mate, magamba anayoyavua. Vinakauka, vinasagika, vinakuwa vumbi. Ukikaa kitandani vumbi linapanda. Kila unapompandisha mtoto juu ya—"

Alikuwa ameshafika mwenyewe.

Akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo nikimpandisha ili apone."

"Hukujua, Bi. Salma. Hata daktari hajui chini ya kitanda chako mna nini."

"Nilijua mna amana." Akaivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga. "Sasa?"

Nikamweleza kazi: maboksi yatoke yote, yafunguliwe, kadhibodi iteketezwe, kisha chumba kisafishwe kwa kitambaa cha maji na si fagio, maana fagio linalipeperusha vumbi. Au, kama hataki kufungua, tuyafunge katika plastiki nyeusi tuyaweke juani, jua la Ibra linaua kila kitu.

"Mna halua humo. Nimpelekee mtu mchuzi?"

"Basi tufungue."

"Amana."

"Mtoto."

Nilisema neno hilo moja tu, na mpaka leo najisifu kwa kutoongeza la pili.

Bi. Salma akasimama, akachukua simu, akaiweka mbele ya mdomo kama kipande cha muhogo, akatuma ujumbe wa sauti kwa watu wote wa amana: "Assalaam alaykum. Mwenye boksi kwangu aje leo baada ya alasiri. Aje yeye, asitume mtoto. Aje na kisu. Asiyekuja boksi lake tutalichoma moto na mimi nitamlipa akhera."

Walikuja wote. Habari ya kisu iliwatisha.

Mimi nilipanga shughuli ifanyike uani, juani, juu ya shuka jeupe, na hiyo ndiyo njia inayotakiwa, iandikeni: boksi la mende halifunguliwi ndani. Bi. Salma alikataa katakata. "Wageni niwakalishe juani kama samaki wa kukauka? Watakaa majlis." Tukavutana mimi na yeye mbele ya Khalfan, na Khalfan akawa anatazama dari. Nilishindwa. Nikatandika mashuka meupe juu ya zulia lote, nikaziba chini ya milango kwa mataulo ya maji, nikaweka mabeseni ya maji ya sabuni, maana mende akitumbukizwa maji ya sabuni hatoki. Thuraya tulikuwa tumeshamtoa, kaenda na mama yake kwa jirani.

Wageni wakakaa. Kahawa ikazunguka, tende zikazunguka, habari zikaulizwa, za wagonjwa, za shamba, za mvua. Maboksi yamesimama katikati kama maharusi. Hakuna aliyeuliza kwa nini pana mabeseni.

Kisha Bi. Salma akasema, "Mimi nimezeeka na amana za watu, sijafungua hata moja. Leo kila mtu afungue yake mbele yangu. Bismillahi."

Wa kwanza alikuwa Bi. Rahma, jirani wa nyumba ya pili, mwanamke mwenye sauti. Akachana utepe, akainua mfuniko, na mende wakatoka kama watu wanaoshuka msikitini siku ya Ijumaa: kwa wingi, lakini kwa utaratibu. Mmoja akapanda kwenye sinia ya tende.

Majlis ile ilikuwa haijapata kusikia sauti ya juu. Siku hiyo ilisikia.

"Hawa si wangu!" Bi. Rahma akapiga kelele, amepanda juu ya mto. "Mimi nyumbani kwangu hamna mende!"

"Wameandikwa jina lako," akasema Mzee Saidi, mstaafu wa jeshi, huku amekunja kanzu magotini.

"Wametoka kwenye lako, limekaa juu ya langu!"

"Langu lina maziwa ya unga tu, mende hanywi maziwa." Akalifungua. Wakatoka wa kwake. Walikuwa wanene.

"Mashallah," akasema Bi. Rahma, "wamepata lishe."

"Maziwa hayo ya nani, Mzee Saidi?" akauliza Khalfan, beseni mkononi.

"Ya mjukuu wangu kule Tabora, mamake alikuwa hana maziwa."

"Ana miaka mingapi?"

Mzee Saidi akafikiri. "Juzi kaniletea picha. Ana ndevu."

Tukafungua yote. Mimi na Khalfan tukizoa, tukitumbukiza, na Bi. Salma amesimama katikati ya mashuka, kandambili mkononi, hakukosa hata mmoja. Nimefanya kazi na mafundi wengi wenye vyeti. Mkono ule sijauona tena.

Mende walipokwisha, kila mtu alikaa na aibu yake. Nikaona Bi. Salma anangoja. Alikuwa mwaminifu wa Ibra nzima, na chini ya kitanda chake kumetoka vile. Alasiri ile ingeweza kumaliza jina lake. Bi. Rahma alishuka kutoka kwenye mto, akatengeneza shela yake, akatazama boksi lake, akasema, "Halua yangu kwa Bi. Salma haijaguswa. Kifuniko kile kile, fundo langu lile lile. Mimi ningekuwa nimeshaila."

Watu wakacheka. Kahawa ikazunguka tena.

Kazi haikwisha siku ile, wala msiamini mtu anayewaambia inakwisha siku moja. Tulichoma kadhibodi. Vumbi tulilifuta kwa maji, na la godoro tulilitoa kwa mashine ya kunyonya, ile yenye chujio zuri, mtoto akiwa mbali. Godoro tukalivika mfuko wa zipu. Dawa sikupuliza. Nilitia jeli, vitone vidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, nyuma ya friji, kwenye bawaba za makabati, miguuni mwa besera kwa nje. Mende anakula, anarudi kufia kwao, wenziwe wanamla yeye na dawa yake. Lakini usije ukapaka jeli asubuhi na jioni ukapuliza kopo juu yake, utakuwa umempikia mgeni kisha umemwagia mafuta ya taa kwenye sahani. Nilifunga bomba lililokuwa likidondoka bafuni, maana mende anavumilia njaa kuliko kiu. Kadi za gundi zikabaki, na kila wiki Bi. Salma alinitumia picha zake. Kadi ikawa na kumi, ikawa na wanne, ikawa tupu. Na dawa za hospitali sikumwambia mtoto aache. Mimi ni mtu wa mende. Kifua kina wenyewe.

Khalfan aliahirisha safari ya Maskati kwa mwezi mmoja, atazame. Mwezi ulipokwisha alinipigia simu kuniambia ameahirisha tena. Mara ya tatu hakupiga, nikajua amesahau kuahirisha.

Tangu wakati huo Bi. Salma hapokei boksi. Amana kwake ni ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana. Ukienda na kadhibodi anakurudisha getini, na hata Mzee Saidi alirudishwa. Watu wa Ibra wamewaambukiza desturi hiyo mpaka jamaa zao wa Sur, na siku hizi ukiona foleni ya uwanja wa ndege imejaa ndoo nyeupe zilizoandikwa majina, mjue chanzo chake. Sisemi ni mimi. Nasema mjue.

Mwezi uliopita nilikuwa najitayarisha kwenda Tabora kuona makaburi ya wazee. Lifti ya jengo letu hapa Firq imeharibika, na mimi nakaa ghorofa ya tatu. Mlango ukagongwa. Msichana mrefu, mwanafunzi wa chuo hapa Nizwa, ana ndoo mkononi ya kilo za kutosha kumchosha mpagazi.

"Shikamoo Ami! Bibi anakusalimu sana, anasema hii ni ya mjukuu wa Mzee Saidi, yule mwenye ndevu, sasa ana mtoto na yeye, ni maziwa ya unga, kaangalia tarehe mwenyewe, na anasema wewe ni wa bara lakini ni mwaminifu, niiweke wapi?"

Alisema yote hayo kwa mkupuo mmoja.

"Marahaba, Thuraya. Iweke hapo," nikamwonyesha chumbani, na mkono wangu, kwa mazoea ya watu wetu, ukaelekea chini ya kitanda.

Akanitazama. Macho ya Bi. Salma yaleyale, bila miwani.

Nikasafisha koo. "Juu ya meza," nikasema.

Akaiweka juu ya meza, akakaa, akaomba maji. Nilimletea, na wakati anakunywa nilisimama karibu yake nikasikiliza. Ni tabia ya kazi, siwezi kuiacha. Mchwa ndani ya mbao anasikika, panya juu ya dari anasikika, na kifua kinasikika kabla ya chochote. Ngazi za ghorofa tatu, ndoo ya maziwa, na maneno yote yale.

Nilisikiliza vizuri. Kulikuwa na sauti ya friji tu.